Mapera ya Nakhumicha Mnadani

Miaka michache baada ya uhuru, Zedekiah Were alikuwa mpishi wa Wafaransa kule Karen. Kwa kuwamenyea matunda kila siku, alikuwa ameokota majina yake kwa lugha yao. Kuomba maji kwa Kifaransa asingeweza, lakini bakuli la matunda alilimudu barabara. Jumapili alikuwa mnadishaji wa kanisa lao dogo la Kangemi, ambako waumini walileta sadaka ya mavuno na kuuziana baada ya ibada. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi, maana ilimruhusu kupiga kelele mbele ya mchungaji.

Kilichomkera ni kapu la mkewe. Kila msimu Nakhumicha alileta mapera ya mti alioupanda mwenyewe, na kila msimu yalikosa mnunuzi. Kangemi nzima ilikuwa na mapera ya kuwaachia ndege. Msimu huu alikuwa amekata shauri.

"Baba Naliaka, yakirudi tena nyumbani, hiyo kanisa hamtaniona tena," alisema, na hakuwa akitania.

Basi Zedekiah akalifunika kapu kwa kitambaa cheupe, akaliweka mwisho. Alinadi papai, akaliita papaye. Akanadi nanasi, akaliita ananas. Watu wakacheka, na bei zikapanda. Kisha akashusha sauti.

"Na hii," akasema, "ni goyave."

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee Kihara, mwenye shamba kubwa na vyumba vya kupangisha, kikiwemo cha Zedekiah, akasimama.

"Wazungu wanakula hiyo?"

"Asubuhi na jioni, mzee."

Wala hakudanganya. Mwalimu Zachariah akataja bei, Kihara akapandisha, wakashindana mpaka mchungaji akaanza kukohoa. Kihara akashinda, akafunua kitambaa mbele ya kanisa zima.

Zedekiah alishajiona akihamisha vitanda.

Kihara aliyatazama mapera yale. Angesema ametapeliwa, angechekwa hadi Krismasi. Akachukua moja, akatafuna polepole.

"Hii si kama yetu," akatangaza.

Mkewe Hannah aliponyoosha mkono, mzee alilisogeza kapu mbali naye. Akala la pili. La tatu hakulila kwa ajili ya kuonekana. Alikula tu, maji yakimtiririka kidevuni.

Mnada ulipokwisha kabisa, Kihara alimfuata Nakhumicha nje.

"Mama Naliaka, hiyo kitu ilibaki ingine kwako?"

"Kitu gani, mzee?"

"Hiyo. Goyave."

"Hiyo imeisha," Nakhumicha akasema. "Lakini mapera iko."

Kihara akatazama kushoto na kulia. Mwalimu Zachariah alikuwa amesimama karibu, sikio limetegwa.

"Basi niuzie mapera," akasema.