Rangi ya Mashua Niliyoipima kwa Nyayo

Hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine. Kanisa letu lina mashua ya tanga kule ziwa Nyasa, ya kuwafikia waumini wa kando ya ziwa, na sakafu yake ikilowa ilikuwa inateleza vibaya. Mama mmoja alianguka na mtoto mgongoni, nusura watumbukie majini. Akina mama wakanichagua mimi nitafute rangi isiyoteleza, eti kwa kuwa nasoma masomo ya jioni.

Rangi nilinunua Mbeya mjini. Nyumbani Uyole nikapaka mbao tatu: moja rangi tupu, ya pili nikachanganya mchanga laini, ya tatu mchanga mkali wa mtoni. Nikazimwagia maji, nikazikanyaga peku. Ile ya tatu ilinishika kweli kweli.

Fundi wa mashua akasema, "Mama Tumaini, mchanga huu utachuna watu."

"Baba, mimi nimeshapima. Wewe paka tu."

Siku ya kuibariki mashua, mchungaji alipanda na viatu vilivyolowa, hakuteleza hata kidogo. Nikajiona mtaalamu. Kisha akasema, "Tupige magoti."

Nyayo zangu ni za kulima, hazisikii kitu. Magoti sikuyapima. Mchungaji akaomba, akawaombea mpaka wagonjwa wa Iringa, huku mashua ikituyumbisha juu ya mchanga ule. Aliposema amina na kuinuka, suruali ilikuwa imechanika magotini, damu inamtoka.

Akauliza kwa upole, "Rangi hii alichagua nani?"

Akina mama wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa bado chini, nabandua gauni langu lililonasa kwenye mchanga.