Jirani Aliyecheza Tenisi

Tulihamia Tegeta nyumba ikiwa bado haijapigwa lipu. Majirani walikuwa wachache, na wa karibu kuliko wote alikuwa mama mmoja wa kizungu, mke wa injinia aliyesomea Minsk. Watoto wa mtaani walimwita Mrusi. Aliwasahihisha kwa upole, "Mie Mbelarusi," nao wakaendelea na Mrusi wao.

Mama yangu, Mzaramo asiyeweza kukaa bila kumjua jirani, aligundua mapema kwamba yule mama anaanika nguo kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia haukupanda. Siku moja akavuka njia, akachukua beseni, akaanika zilizobaki.

"Shoga, ulianguka?"

"Hapana, dada. Tenisi."

Mama hakuelewa, nami vilevile. Nilikuwa darasa la sita, na mchezo wa wasichana nilioujua ni netiboli. Tukakaa barazani kwake akatusimulia, kwa Kiswahili alichofundishwa na mumewe na kunyooshwa na wauza samaki.

Alianza akiwa mdogo, ndani ya ukumbi, maana nje ilikuwa theluji. Akachaguliwa kukaa bweni la wanamichezo. Alipokuwa msichana, ile nchi kubwa alimozaliwa ikavunjika, ya kwao ikasimama peke yake, na waliokuwa wakigharamia safari hawakuonekana tena. Ikabidi yeye na mwenzake mmoja wasafiri wenyewe kwa treni, wamebeba mkate na mayai ya kuchemsha, wakicheza mashindano madogo huko Ulaya. Mara chache alifika kwenye mchujo wa mashindano makubwa. Kisha siku moja, akianzisha mpira, bega likachanika. Alipasuliwa, akapumzika, akarudi uwanjani, akawa anafungwa na watoto. Akaacha. Aliolewa na injinia wake, wakaja huku.

"Basi?" mama aliuliza.

"Basi."

Televisheni zilipoanza kuingia mtaani kwetu, injinia alinunua. Jumapili moja mchana mkewe akatuita. Kwenye kioo alikuwa yule mwenzake wa kwenye treni, anacheza mbele ya uwanja uliojaa. Jirani yetu alitueleza kila mpira, taratibu, kama anayesimulia habari za ndugu yake.

"Roho haikuumi?" mama akauliza.

"Iliniuma. Zamani sikutaka hata kumsikia. Leo nafurahi, dada. Ila miguu yake bado mizito."

Mwenzake alishinda. Jirani akazima televisheni, akaingia chumbani, akatoka na raketi mbili na mipira iliyokwisha manyoya. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda ambalo injinia hajalimalizia, lenye sakafu ya zege na ukuta mmoja. Akaanza kupiga mpira ukutani kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni ulimkimbia, baadaye ukamtii. Akanipa mimi raketi, kisha mama, aliyekaza kanga kiunoni na kurusha mpira mpaka kwenye migomba.

"Tuonyeshe ule wa kuanzisha," mama alimwomba.

Akahamishia raketi kulia, akarusha mpira juu. Mkono ukafika begani, ukagoma. Mpira ukaanguka miguuni pake. Aliutazama kidogo, akauokota.

"Huo umekwisha," alisema, akarudisha raketi kushoto. "Njoo, mwanangu. Kunja magoti kidogo, usisimame kama mlingoti."

Toka siku hiyo tulicheza karibu kila jioni, na wasichana wengine wakaongezeka. Habari zilifika klabu moja ya mjini, akaitwa kufundisha watoto, naye akawa ananichukua Jumamosi. Sikuwa hodari sana. Nilifika fainali moja ya watoto, nikafungwa vibaya, nikalia ndani ya gari lake. Alisubiri ninyamaze, akasema nilikuwa nachelewa kugeuka, tutalifanyia kazi. Tukalifanyia kazi.

Walihamia Arusha mumewe alipopata kazi huko, na nasikia alifundisha kule pia, miaka mingi. Mimi nilicheza mpaka kidato cha nne. Mama alikuwa ameacha mapema; alisema tenisi inamchosha magoti, na migomba yenyewe imepata tabu vya kutosha.