Sabato Niliyopiga Tarumbeta

Mwezi wa nane uliopita nilikwenda Mosocho kumzika jirani wa zamani. Familia yake ilikuwa imeita bendi ya vijana, na walipoanza kupiga wakiteremka na jeneza kutoka barabarani, mdomo wangu wa juu ukaanza kucheza wenyewe, upande wa kushoto, kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Nikajifunika leso nikatazama chini. Watu walidhani ninalia. Kumbe nilikuwa namsikiliza yule kijana wa mbele, aliyekuwa akilikandamiza tarumbeta usoni mpaka mishipa ya shingo imemsimama. Nikasema moyoni, mwanangu, utajiharibu. Sikumwambia. Nakwambia wewe, kwa kuwa tumejuana siku nyingi na najua hutanicheka.

Mimi nilikulia Manga, kwa mama yake baba, ambaye kwa lugha yetu nilimwita magokoro. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kila nyumba kule kwetu ililima pareto, na kabla ya kwenda shule tuliichuma, vile vijiua vyeupe vinavyoacha harufu chungu vidoleni hata ukinawa mara tatu. Ukungu ulikuwa haujapanda kutoka bondeni. Tukirudi jioni tulikuta obokima, ugali wa wimbi, mweusi na mzito, na chinsaga, mboga chungu ya kwetu, iliyopikwa tangu mchana mpaka ikalegea, ikamiminiwa maziwa. Nikiwa mgonjwa hata leo, ndicho chakula ninachokiona nikifumba macho.

Magokoro alikuwa Msabato wa wale wa zamani. Ijumaa jua likitua, kazi imekwisha. Jembe lilisimama ukutani, moto ulifunikwa majivu, na hakuna aliyechanja kuni wala kuteka maji mpaka Jumamosi jua litue tena. Lakini shule iliyokuwa karibu ilikuwa ya misheni ya Wakatoliki, naye alinipeleka huko bila maneno mengi. Alisema kusoma ni kusoma.

Shule hiyo ilikuwa na bendi: matarumbeta sita, ngoma mbili, matoazi, na lidude moja kubwa la kuvaa begani ambalo halikuwahi kutoa sauti ya maana. Mwalimu wa bendi alikuwa amepiga tarumbeta jeshini wakati wa vita vya wazungu. Hakuwa mtu wa kwetu na Kigusii hakukijua, kwa hiyo tarumbeta na Kiswahili nilijifunza kwa mtu mmoja. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni mdomo kuumia.

"Mguu ukivunjika unafungwa," alituambia. "Mdomo unafungwa na nini?"

Mwezi wa kwanza mzima hakuturuhusu kushika tarumbeta lenyewe. Tulitetemesha midomo mitupu, tukitoa sauti ya nyuki, darasa zima likicheka. Kisha akatupa kile kikombe kidogo cha shaba kinachokaa mdomoni, tukipashe joto kwanza kwapani, maana asubuhi za Manga huifanya shaba iwe kama jiwe la mtoni. Kisha sauti za chini, ndefu, polepole. Kila ukipiga kidogo, pumzika muda uleule uliopiga. Ukisikia midomo inachoma au inakufa ganzi, weka chini, hata kama padri anakungoja. Na usikandamize. Hilo la kukandamiza alilirudia mpaka tukaliota. Anayetaka sauti ya juu, alisema, aitafute tumboni kwenye pumzi, asiitafute kwa kujisukumia chuma kwenye meno.

Ili tuelewe, alifunga tarumbeta kwa kamba ya katani akalining'iniza kwenye boriti ya darasa. Unasimama mbele yake, mikono nyuma, unapuliza. Ukisukuma, linakukimbia. Wenzangu walilifuata darasani kama kuku anayefuata punje. Mimi, sijui kwa nini, nililiweza siku ya tatu. Lilikaa palepale likaimba. Tangu siku hiyo Mwalimu alinipa ruhusa ya kubeba tarumbeta nyumbani jioni, limeviringishwa gunia, mimi peke yangu.

Jumamosi bendi ilifanya mazoezi nami sikuwepo, kwa sababu ya Sabato. Nililalamika. Mwalimu akatikisa kichwa. "Bibi yako ana akili," akasema. "Hapa ni mdomo wako tu unaopumzika."

Mwaka wangu wa mwisho pale, ikaja habari. Mkuu wa bendi moja ya serikali huko Nairobi, aliyekuwa jeshini na mwalimu wetu, angepita Jumapili baada ya misa kutusikiliza. Alitaka mvulana mmoja wa kwenda kufundishwa kazi hiyo. Mwalimu alimwandikia kunihusu. Hilo nililijua kwa sababu mwenzangu wa dawati, aliyepiga tarumbeta la pili, ndiye aliyepeleka barua posta, na bahasha haikuwa imegundishwa vizuri.

Wimbo tuliouandaa ulimalizikia juu kabisa, kwenye sauti moja niliyoifikia leo nikaikosa kesho. Alhamisi niliikosa. Ijumaa niliikosa mbele ya wote, na mwenzangu wa dawati akajaribu kwa mchezo tu, ikatoka, safi, na darasa likapiga makofi. Mwalimu alinivuta kando.

"Itakuja," akaniambia. "Una siku nzima ya kupumzika. Jumapili asubuhi pasha mdomo polepole, usiitafute sauti hiyo hata mara moja mpaka mgeni amekaa kitini. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Asubuhi ya Sabato nilimwambia magokoro tumbo linaniuma. Akaniwekea uji wa jana karibu na kitanda, akavaa gauni lake jeupe akaenda kanisani na Biblia yake kwapani. Nilisubiri mpaka nikasikia wimbo wa kwanza kutoka kilimani. Kisha nikachukua gunia langu nikateremka mtoni, katikati ya migomba, ambako mlio usingefika mbali.

Sikupasha kikombe joto. Sikuanza na sauti za chini. Nilikwenda moja kwa moja kule juu. Mara ya kwanza ikatoka nyembamba kama filimbi. Nikakandamiza kidogo, ikanenepa. Nikakandamiza zaidi, nayo ikasimama imara, inang'aa, nami nikacheka peke yangu pale mtoni. Nikairudia. Sijui niliirudia mara ngapi. Midomo ikachoma, halafu ikaacha kuchoma, ikafa ganzi. Na mdomo uliokufa ganzi hauumi, kwa hiyo nikadhani umepata nguvu. Kila alichonionya mwalimu kilinitokea kwa mpangilio uleule alioutaja, mimi nikakichukua kama dalili njema.

Kisha nikasikia kitu kikikatika ndani ya mdomo wa juu. Hakikutoa sauti. Kilikuwa kama uzi unaoachia kwenye nguo. Damu ilikuwa kidogo sana, tone moja. Nilipojaribu tena, pumzi ilitokea pembeni, kushoto, na tarumbeta likatoa hewa tupu.

Magokoro alinikuta chini ya blanketi, uso umevimba. Alinigeuza kwenye mwanga wa mlango, akautazama mdomo.

"Ni baridi," akasema. "Baridi imekuingia mwanangu, nami nimekuacha peke yako."

Jua lilikuwa bado juu. Nikamwona akiinama, akaondoa majivu, akapuliza moto. Sijawahi kumwona akifanya hivyo siku ya Sabato, si kabla wala baada. Alichemsha maji ya chumvi akanikanda kwa kitambaa, akanipaka samli, akaomba kwa sauti Mungu amsamehe yeye. Nami nikanyamaza.

Jumapili nilikwenda. Nilifikiri pengine kukiwa na watu mdomo utashtuka uamke. Mwalimu aliniona nikiingia langoni, akaja haraka, akanishika kidevu.

"Ulipiga jana?"

"Hapana, Mwalimu. Ni baridi."

Alijua. Hakunipiga, na ningeshukuru kama angenipiga.

"Mgeni angekuwa anakaa hata wiki moja," akasema, "ningemwomba angoje. Anaondoka leo." Akalichukua tarumbeta mikononi mwangu akampa mwenzangu wa dawati, nami nikapewa matoazi ya kugonga. Mwenzangu alipiga vizuri. Si kama ningepiga mimi, lakini vizuri. Mgeni alimpa mkono. Mwezi uliofuata mwenzangu akaenda Nairobi na sanduku la mbao.

Muuguzi wa misheni alisema ngozi itapona, nyama ya ndani hawezi kuahidi. Mwalimu alinipumzisha miezi mitatu, kisha akaning'iniza tena lile tarumbeta kwenye boriti, akanianzisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulijaribu karibu mwaka mzima, hata baada ya mimi kumaliza shule, yeye na mimi jioni. Dakika tano nilikuwa yule wa zamani. Ya sita mdomo unatetemeka. Ya saba, hewa. Siku moja nilifika nikakuta kamba imefunguliwa. "Twende tunywe chai," akasema, na hatukulizungumza tena. Baadaye alihamishwa, na nilipopata habari zake alikuwa amekwisha kuzikwa kwao.

Magokoro aliishi miaka mingine saba. Kila msimu wa baridi alinifunga shuka mdomoni, mimi mtu mzima mwenye ndevu, akisema ile baridi ya siku ile ni kosa lake, hakupaswa kuniacha peke yangu. Hata kwenye kitanda chake cha mwisho aliniuliza kama nimejifunika. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Nimejifunika, magokoro." Akafa akiamini hivyo.

Pareto iling'olewa, tukapanda chai. Darasa la bendi waliligeuza stoo, na matarumbeta sijui yaliishia wapi. Mtu mmoja aliniambia aliona moja kwenye soko la Daraja Mbili, limelala kwenye vyuma chakavu, limebanwa kama kopo. Mwenzangu wa dawati alipiga bendi kwa miaka mingi, akaniandikia kila Krismasi, na katika kila barua aliandika kwamba mahali pale ni pangu. Barua zimekoma sasa. Mwanawe alinipigia simu mwaka juzi.

Kwa hiyo wote walionisikia hawapo. Wakati mwingine jioni, tukiwa tumekaa, huwaambia nyumbani kwamba zamani nilipiga tarumbeta, na kwamba wimbo ulisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Wajukuu huendelea na simu zao. Mke wangu hutabasamu kwa upole, ananiongezea chai, anasema, "Eeh, mzee. Ulipiga."