Kompyuta ya Chumba cha Mwisho

Mume wangu aliuawa barabarani, akienda Ruhengeri kwa gari la kazi. Tulimzika, siku za msiba zikapita, nikarudi ofisini mapema kuliko watu walivyotarajia. Sikulia mbele za watu, na nikiwa peke yangu sikulia pia. Majirani wa Mbugangari, mtaa wetu hapa Gisenyi, walinisifu kwamba nina moyo. Niliwaitikia tu. Asubuhi nilivaa, nikafunga mlango, nikashuka mjini, nikakaa kwenye kiti changu mbele ya kompyuta.

Shirika letu lilikuwa dogo. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watoto wazazi wao waliopotezana nao vitani. Mimi nilikuwa katibu, na kwa kuwa nilijifunza uchapaji na kompyuta kidogo Mwanza kabla ya kurejea Rwanda, kila mashine iliyoleta shida ililetwa kwangu. Tulikuwa na kompyuta nne, zote kuukuu isipokuwa moja, zimeunganishwa kwa waya uliopita juu ya dari kutoka chumba hadi chumba.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Siku nyingine ulibonyeza programu ya kuandikia ikafunguka hapo hapo. Siku nyingine ulibonyeza, kioo kikaganda, ukaweza kwenda kuchemsha chai na kurudi ukakuta bado. Ikishafunguka ilifanya kazi vizuri kabisa. Mhasibu wetu, mzee aliyezaliwa Goma, alilaumu umeme. Mkuu wetu, aliyekulia Uganda, alisema ni virusi kutoka kwenye disketi za watu, akapiga marufuku disketi.

Nilianza na yale niliyoyajua. Nilifuta mafaili yaliyojaza diski. Kesho yake programu ilifunguka upesi, nikamwambia mkuu tumepona. Keshokutwa ikaganda. Nikafungua kasha la mashine yangu, nikatoa vumbi jeusi la Gisenyi kwa brashi ya rangi, nikachomoa na kuchomeka upya kila kilichoweza kuchomoka. Ikakimbia siku mbili, ikaganda. Nikapitisha programu ya kusafisha virusi kwenye mashine zote. Hakikuonekana kitu. Kila nilipofanya jambo lilionekana kufaa, kisha halikufaa. Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilifuta, nikapangusa, nikabonyeza, nikangoja. Kungoja mbele ya kioo kilichoganda hakukunichosha, na hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani nikiwa ninangoja.

Kompyuta mpya kuliko zote ilikuwa chumba cha mwisho, kwa mama mmoja aliyeshughulikia majina ya watoto. Alitoka Masisi, Kongo, akapata kiwanja Mudende, milimani juu ya mji, akawa anafuga ng'ombe wachache na kulima viazi. Alikuja kazini kwa gari za abiria, na siku ambazo barabara ya juu haikuwa na usalama hakuja. Siku nyingine alikuja akaondoka saa sita, kwa sababu dereva wa mwisho kukubali kupanda Mudende aliondoka mchana. Hakuna aliyemsema. Sote tulijua barabara zilivyokuwa.

Siku moja kabla ya chakula cha mchana nilichapa barua, nikaifunga programu, nikasimama kunyoosha mgongo. Yule mama akapita, ameshika kitenge chake na mfuko, akaniaga. Nikakaa tena kuandika barua ya pili. Programu iliyofunguka asubuhi bila taabu ikaganda. Sikuwa nimefanya lolote. Umeme ulikuwepo. Jambo pekee lililobadilika ni kwamba yeye alikuwa ametoka.

Nilimfuata nikamkuta getini, nikamwomba arudi kidogo. Alitazama njia, akarudi. Nikamwomba awashe kompyuta yake. Ilipomaliza kuwaka nilikwenda kwenye yangu, nikabonyeza: ikafunguka. Nikamwomba aizime, nikabonyeza tena. Ikaganda. Tulirudia mara nyingine ili nisijidanganye.

Nikaelewa. Fundi aliyetufungia waya alikuwa ameihifadhi kama faili karatasi yenye kichwa cha barua za shirika ndani ya mashine ya yule mama, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nafasi. Kila programu yetu ya kuandikia, kabla ya kufunguka, ilikwenda kuitafuta kule. Ikikuta mashine imezimwa haikusema kitu. Iliendelea kungoja mpaka ikakata tamaa, ndipo ikafunguka.

Nilimuuliza yule mama kwa nini anaizima hata akitoka kwa muda mfupi tu.

Alikuwa anafunga mfuko wake. "Masisi tulitoka mbio, nikaacha moto kwa jiko," akasema. "Sijue kama ni ule moto ulichoma nyumba, ao ni bale batu balitufukuza. Tangu pale mi siachake kitu inawaka nyuma yangu."

Nilijua kwamba hapo mtu hutakiwa kuhisi kitu. Nilisema pole. Akasema asante, akawahi gari.

Mkuu alifurahi nilipomweleza. Akaamua papo hapo kwamba mashine ya chumba cha mwisho haitazimwa tena, na ufunguo wa chumba utakaa kwake. Nikamwambia hapana. Sikuwa mtu wa kumwambia mkuu hapana, na hata sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliyesimama pembeni. Nilimwambia iko njia nyingine: ninakili ile karatasi kwenye kila mashine, nizielekeze programu ziitafute kwenye mashine zao zenyewe, naye mama azime anapotaka. Aliuliza kazi hiyo ya nini, ilhali amri moja inatosha. Nikajibu kwamba nitaifanya Jumamosi, sitadai chochote. Akainua mabega.

Niliifanya Jumamosi. Baada ya hapo kompyuta zote zilifunguka upesi kila siku, na watu wakasahau kwamba ziliwahi kuganda.

Wiki chache baadaye kulikuwa na mapigano huko juu Mudende. Siku ile tulikuja, tukafungua programu, tukachapa kama kawaida. Ilikuwa karibu saa tano mhasibu alipopita chumba cha mwisho akarudi akiuliza, "Mama hakuye leo?" Hakuna aliyekuwa ameangalia. Hakuja siku ile, wala iliyofuata. Nilichapa barua zangu. Mikono ilifanya kazi. Nilijaribu kumwombea, maneno yakapita mdomoni kama ninasoma tangazo.

Alikuja wiki iliyofuata, kwa miguu, na watoto wake wawili na godoro. Ng'ombe hawakuwepo tena. Mkuu alimpa ruhusa akatafute mahali. Mahali palikuwa kwangu. Sikufikiri sana, chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Jioni nilihamisha viatu na makoti ya mume wangu kutoka mle, nikayaweka chini ya kitanda changu, na yeye akanisaidia bila kuuliza ni vya nani.

Walikaa zaidi ya mwaka. Watoto wake walizoea kuniita mama mkubwa, wakaniamsha asubuhi nikichelewa. Siku moja walipokuwa wakigombania maji ya kuoga, nilijikuta nawafokea kwa sauti kubwa kweli kweli, nikajishangaa mwenyewe. Yule mama alikuwa mlangoni. "Bon," akasema, "leo umesemaka." Akaenda kuwapa maji.