Amri Yenye Jina Langu

Karani wa kompyuta wa chama cha wakulima wa miwa hapa Kidodi vidole vyake vimevimba kwenye viungo, kwa hiyo kila amri ndefu ya Kiingereza ameipa neno fupi. Tarehe huiandika mara moja tu asubuhi, amri zote zikaichukua hapo. Akibonyeza hunong'ona, "Taratibu, mama," kama anayekamua ng'ombe.

Jana vidole viligoma kabisa. Lori lilikuwa linangoja orodha ya zamu za kubeba miwa, na miwa yetu ilishakatwa, inakauka shambani. Karani akaniambia, "Andika wewe, binti." "Mzee, Kiingereza sikijui." "Na jina lako je?" Nikaandika Yusrah, herufi moja moja. Printa ikaanza kulia. Kumbe amri ile aliipa jina langu tangu siku niliyomwambia kwamba niliishia darasa la tatu.