Leo nimemunusa semeki yangu kinywa

Nimemunusa mbele ya wamama wote wa kivukoni.

Munajua kizunguzungu changu. Daktari mwenyewe haoni sababu. Kikianza ninaketi chini haraka, mutoto yangu asiumie.

Semeki, dada ya bwana yangu, anasema ni pombe. Kila mara ananinusa kinywa mbele ya watu.

Leo ametoka Yanonge kuninyanganya mutoto, eti mulevi hawezi kulea.

Bon. Mawimbi yalikuwa makali. Ameshuka mutumbwini anayumba, akaketi kwenye matope.

Nikamuambia, “Semeki, fungua kinywa.”

“Sikunywa kitu. Ni kichwa tu inazunguka.”

“Alors? Na kichwa yangu?”

Nikanusa polepole sana. Wamama wakacheka, wakamuambia arudi kwake.

Mutoto iko mugongoni mwangu, analala.

Ningemuhurumia? Muniambie, lakini mimi nimefurahi.