Maji ya Bemari

Mkuu wa keki aliigeuza krimu karameli yangu, kile kitamutamu cha mayai na maziwa, juu ya sahani nyeupe, akaligonga bakuli mara mbili kwa kijiko, akaliinua. Haikusimama. Maji ya manjano yalikimbilia ukingoni mwa sahani, na katikati yakabaki mabonge ya mayai yenye vishimo vishimo, kama sifongo ya kuogea. Sukari niliyoiunguza ilikuwa imegandia bakulini, haikutoka. Akatia kidole, akakinusa, akawaita wenzake.

"Njooni muone! Mama wa vyombo ametuletea omleti ya arusi!"

Jiko zima la hoteli likacheka. Mpishi mkuu, Mzungu, hakujua Kiswahili, lakini alicheka naye. Nikasimama pale na aproni yangu iliyolowa, nikiwatazama mmoja mmoja ili nisije nikawasahau. Sijawasahau. Majina yao siyaandiki, ila wenyewe watajijua.

Nilikuwa muosha vyombo katika hoteli moja ya Diani, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Shule niliiacha darasa la nne. Nasoma, lakini polepole, kidole kikiufuata mstari. Upande wa keki palipungua mtu, nami nikaitaka nafasi ile. Sisi wa vyombo tulikuwa vibarua tu: leo unaambiwa njoo, kesho unaambiwa kaa kwenu. Wa keki walikuwa wameandikwa kazi ya kudumu. Mama yangu alikuwa Msambweni, na hakuwa na mtu mwingine ila mimi.

Nikamwendea mkuu wa keki, mtu wa kutoka bara, nikamwambia nafasi ile naiweza. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Unajua krimu karameli wewe?"

"Nikielekezwa, nitajua."

"Haya. Kapike kwenu, uniletee Jumatatu. Ikisimama kwa sahani, kazi ni yako."

Daftari lake la mapishi lilikuwa wazi juu ya meza. Nikamwomba aniandikie. Akalifunga. "Nikuandikie, usomewe na nani?" Akanitajia kwa mdomo, huku akijipangusa mikono: mayai sita, maziwa, sukari, vanila. Sukari nyingine niiunguze mpaka iwe rangi ya asali, niimwage chini ya bakuli. "Halafu unaoka kwa bemari, moto kidogo." Akageuka, akaenda zake.

Sasa bemari, mimi naijua! Ni lile sanduku refu la chuma lililokaa mbele ya wageni, vyakula vimepangwa juu yake visipoe. Nimelisugua mpaka kucha zikaisha. Kwa hiyo nilielewa hivi: chakula kikishaiva kiwekwe huko, kingoje wageni. Hiyo ni kazi ya hotelini. Kwetu bemari ingetoka wapi?

Jumapili nikawa Msambweni. Mama yangu alikuwa hodari wa mkate wa kumimina, watu wa arusi walimjia kutoka mbali. Akavua ushungi, akawasha mkaa, akaanza kunihoji.

"Iliki iko wapi?"

"Hii haitiwi iliki, mama."

"Mayai na maziwa, bila iliki? Basi hicho ni chakula cha wagonjwa."

"Wanatia vanila."

"Na hiyo bemari uliyoitaja ndiyo nini?"

"Ni chombo cha huko huko hotelini, cha kuwekea chakula kisipoe."

"Basi tusijitie taabu nacho. Moto juu, moto chini."

Tukaoka kama tuokavyo mkate wetu. Sufuria kavu juu ya mkaa, bakuli ndani yake, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Nilipofunua ilikuwa imeumuka, imevimba hata kupita ukingo wa bakuli, juu imepiga rangi nzuri. Mama akapiga kigelegele. Kwetu kitu cha mayai kikiumuka ndiyo kimefaulu. Kumbe krimu karameli ikiumuka imekufa, na sisi tuliishangilia maiti. Jumatatu nikaipakata mapajani mpaka Diani, nikiwakemea abiria wasinisukume.

Yaliyotokea jikoni nimeshayasema. Nafasi akapewa binti wa shemeji yake mkuu wa keki. Kisha zikaja vurugu za mwaka ule wa uchaguzi, wageni wakatoweka pwani nzima, na sisi vibarua wa vyombo tukawa wa kwanza kuambiwa tusirudi. Wa keki walibaki.

Miezi mingi baadaye nilikutana sokoni Ukunda na mzee aliyekuwa akikata mboga katika jiko lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vipi wewe na omleti yako?"

"Mzee, usinichezee. Niambie nilikosea wapi."

"Maji."

"Maji gani?"

"Bakuli husimama ndani ya maji ya moto, yaliyomo yakaiva taratibu. Kuoka kwa bemari ndiko huko. Yule binti alionyeshwa kwa mkono, siku tatu, kwenye oveni ya hoteli. Mimi nilikuwepo."

Nikakaa chini pale pale, kando ya mafungu ya nyanya. Kwa maana aliyekuwa akiitia bemari ile maji kila asubuhi, ndoo baada ya ndoo, ni mimi. Nilidhani maji yale ni ya kutia chakula joto tu. Miaka miwili nimebeba jibu mikononi, wala sikuambiwa kuwa ni jibu.

Wiki ile ile nikaoka tena, bakuli ndani ya sufuria yenye maji, mkaa kidogo. Nikaigeuza kwenye sahani ya mama yenye maua. Ikasimama! Ikatikisika kidogo, ikatulia, na sukari ikateremka pembeni polepole. Mama akaonja, akasema bado inataka iliki.

Watu huniambia niyaache, ati kosa ni langu, ningeuliza. Niliuliza! Niliomba kuandikiwa, nikatukanwa. Mzungu yule naye ajibu alichekea nini, jiko likiwa lake na mtu akifanyiwa mtihani ndani yake bila yeye kuuliza ni mtihani gani. Lakini wa kwanza ni wewe, mkuu wa keki. Ulikuwa ukiniona kila asubuhi nikipita na ndoo mbele ya meza yako. Kazi yenu siitaki tena, kaeni nayo. Mimi nataka usimame, popote ulipo, unijibu kwa mdomo ule ule ulionitajia mayai na maziwa: neno "maji" lilikushinda nini kulisema?